Kalamu Ipi ya Homoni ya Ukuaji Imfae Mwanangu?

Barua zilizotufikia safari hii zinazunguka jambo moja: mtoto ameandikiwa sindano za homoni ya ukuaji, na mzazi hajui ashike kifaa kipi, hasa kalamu ipi, yaani kichomeo chenye umbo la kalamu ya kuandikia. Tumezipunguza urefu na kuacha majina. Chapa tunazozitaja ni zile ambazo wazazi wanazo mkononi, au zenye tabia yake inayofaa kujulikana mapema. Hatumpigii mtu debe.

Nesi ametuambia tuchague wenyewe

*Habari za kazi, wahariri. Mwanangu wa kiume ana miaka 6 na kilo 20, na vipimo vimeonyesha mwili wake hautoi homoni ya ukuaji ya kutosha. Kliniki, nesi ametupangia kalamu nne mezani akasema tuchague inayotufaa. Mimi nilikuwa najua daktari ndiye anayechagua dawa! Mume wangu kaipenda ile ya betri. Mimi nataka yenye sindano fupi kuliko zote. Tutazame nini hasa? — Mama, Leicester, Uingereza*

Mama, nesi hakukwepa kazi yake. Mwongozo wa 2010 wa NICE, taasisi inayoelekeza matibabu Uingereza, unaotumika huko kwa dawa hii, unataka kila mtoto achaguliwe chapa yake baada ya daktari na mzazi kuzungumza uzuri na kasoro za kila moja, wakitazama pia kama sindano zitachomwa kweli bila kurukwa. Zikionekana kufaa sawasawa, ichukuliwe ya bei nafuu. Mwongozo huohuo unasema dawa isimamishwe ikiwa kuichoma kwa utaratibu kumeshindikana kabisa. Kwa hiyo kukipenda kifaa au kukichukia ni sehemu ya matibabu yenyewe. Utafiti wa New Zealand uliochapishwa 2011 ulikuta asilimia 66 ya watoto wanakosa zaidi ya sindano moja kwa wiki, na waliokosa walirefuka polepole zaidi. Dawa ilikuwepo nyumbani, haikuingia mwilini.

Dawa yenyewe isikusumbue. Somatropini, yaani homoni ya ukuaji iliyotengenezwa kiwandani, ile ya kila siku, ni molekuli ileile katika chapa zote. Na sindano, ambayo ndiyo wazazi wengi huikazia macho, haitofautiani sana: kalamu nyingi hupokea sindano za kufunga kwa kuzungusha, nyembamba za geji 31 au 32, zenye urefu wa milimita 4 hadi 8. Kwa mtoto wa miaka 6 mwembamba, omba za milimita 4, basi. Hilo limekwisha, na halikuhusu kalamu.

Kinachohusu kalamu ni hesabu ya kilo. Dozi ya kawaida kwa upungufu wa homoni hii ni miligramu 0.025 hadi 0.035 kwa kila kilo kwa siku. Tuseme daktari ameandika 0.03: mwanao wa kilo 20 atachoma miligramu 0.6 kila usiku. Chukua mfano wa Norditropin FlexPro, kalamu inayokuja na dawa ndani tayari, katika ukubwa wa miligramu 5, 10 na 15, zote zikiwa na maji yaleyale mililita 1.5. Ya 5 itamtosha siku 8, na kila sindano itakuwa na mililita 0.18. Ya 10 itafika siku 16, mililita 0.09. Ya 15 siku 25, mililita 0.06 tu. Maji yakipungua na mchomo huwa mwepesi, kwa hiyo ya 15 inavutia.

Subiri kidogo. Kalamu iliyoanza kutumika ina ukomo wa siku 28 kwenye friji, hata kama haijaisha. Kwa mwanao ya 15 itaisha ndani ya muda. Mtoto wa kilo 10 anayechoma 0.3 angeitumia siku 50. Siku ya 28 atakuwa ametumia miligramu 8.4, na 6.6 zinamwagwa. Dawa hii ni ghali mno kumwagwa. Jambo la pili ni hatua za kibonyezo: kalamu ya 5 hupanda kwa 0.025, ya 10 kwa 0.05, ya 15 kwa 0.1. Mtoto akiongezeka hadi kilo 21.5 daktari atataka 0.65. Kwenye kalamu ya 15 namba hiyo haipo, ni 0.6 au 0.7. Kwa kilo za mwanao sisi tungechukua ya 10.

Baada ya hesabu hiyo ndipo utazame idadi ya hatua. Kuna kalamu za dawa iliyokwisha kuyeyushwa, na kuna za unga na maji katika vyumba viwili, mfano Genotropin, ambazo huchanganywa mara moja unapofungua katriji mpya, yaani kile kichupa cha dawa kinachokaa ndani ya kalamu. Kuchanganya si kazi ngumu, ila kuna kosa moja ambalo wazazi wengi hulifanya wiki ya kwanza: wanazungusha kabla ya kufunga sindano. Kwenye Genotropin sindano hufungwa kwanza, kalamu ikasimamishwa ncha juu, kisha ndipo unazungusha polepole maji yaingie kwenye unga. Bila sindano hewa haina pa kutokea, na ukija kuifunga baadaye dawa inaruka nje.

Mume wako naye ana hoja. Kile cha betri, bila shaka ni easypod ya dawa ya Saizen, huficha sindano, huhisi kama kimegusa ngozi kabla ya kuchoma, hukumbuka dozi bila mtu kuipanga kila siku, na huandika tarehe, saa na kiasi kilichoingia. Nyumba ambayo baba anachoma Jumatatu na mama Jumanne, huku kila mmoja akidhani mwenzake ameshachoma, kifaa hiki kinamaliza ubishi. Upande wa pili: ni kikubwa mkononi, kinatoa mlio, kina sindano zake chenyewe, na betri ikiisha usiku huna njia ya mkato. Watoto wadogo hukipenda. Wa miaka 14 wakati mwingine huona wamewekewa polisi chumbani.

Kama tatizo ni mtoto kuiona sindano tu, si lazima ununue mashine. FlexPro ina kifuniko chake kiitwacho PenMate ambacho huficha sindano na kuiingiza chenyewe.

Rudini kliniki mkaombe kalamu za mazoezi zisizo na dawa. Kila mtu atakayechoma, bibi akiwemo kama mtoto hulala kwake, afanye mzunguko mzima kuanzia kuitoa kwenye friji hadi kuitupa sindano. Mtakapoona mtu anasita, hapo ndipo usiku wa saa tatu atakapokwama.

Kichupa na bomba la insulini

*Shikamooni. Tulipata dawa kutoka nje ya nchi, ni vichupa vya unga vimeandikwa 10 IU. Daktari ameandika miligramu 0.6 kwa siku. Duka la dawa wametupa bomba za insulini. Namba hazilingani kabisa. — Baba wa mtoto wa kilo 20, Mwanza*

Marahaba, baba. Umefanya vyema kusimama ukauliza, maana hapa ndipo watoto hupewa sehemu ya kumi ya dozi, au mara kadhaa ya dozi.

Miligramu 1 ya somatropini ni yuniti 3, ndizo hizo IU za kwenye kichupa. Kwa hiyo miligramu 0.6 ni yuniti 1.8 za homoni ya ukuaji. Ukiyeyusha kichupa cha yuniti 10 kwa mililita 1 ya maji yake, yuniti 1.8 zitakuwa katika mililita 0.18. Sasa bomba la insulini: mililita 1 yake imegawanywa mistari 100, kwa sababu insulini ya kawaida ina yuniti 100 kwa mililita. Mililita 0.18 ni mstari wa 18. Ukivuta hadi karibu na mstari wa 2 kwa kuwa kibandiko kinasema “yuniti”, mtoto amepata kama moja ya kumi. Yuniti zilizoandikwa kwenye bomba ni za insulini, hazihusiani na dawa yako. Mwambie daktari au mfamasia akuandikie kwa mililita na mstari, kwa kalamu ya wino, kwenye boksi lenyewe. Ukibadilishiwa kichupa, au ukiongeza maji tofauti, hesabu yote inaanza upya.

Namna ya kuyeyusha: futa kizibo cha mpira kwa spiriti, kiache kikauke, ingiza maji yakitiririka kwenye ukuta wa kichupa badala ya kuupiga unga. Zungusha kichupa taratibu kati ya viganja. Usikitikise. Homoni hii ni protini. Ikitikiswa hutoa povu na kuharibika, na hutaijua kwa ladha wala harufu. Dawa nzuri ni angavu kama maji. Ikiwa na ukungu au chembe, haichomwi. Tazama pia kimiminika kilichokuja nacho: maji matupu ya sindano hayana kihifadhi, hivyo kichupa kilichoyeyushwa nayo hakikai siku nyingi kama kile chenye kihifadhi. Karatasi ya ndani inasema muda, na muda huo ufuatwe.

Kichupa na bomba si njia ya maskini wala ya kizamani, kama wengine wanavyodhani. Hukupa dozi yoyote unayoitaka, na hakuna chombo cha kuharibika. Ila hesabu unaibeba wewe kila usiku, mara 365 kwa mwaka, na uchovu una namna yake ya kukosea. Ukipata nafasi ya kuhamia kalamu, hamia. Na kama bado hamjaonana na bingwa wa homoni za watoto, ombeni rufaa. Tangu 2008 Nairobi imekuwa na mafunzo ya mabingwa hao kwa ajili ya Afrika, na waliohitimu wanafanya kazi katika nchi nyingi, Tanzania ikiwemo. Msifungue kichupa cha kwanza kabla ya kuhakikisha aliyewauzia ana leseni: homoni hii inauzwa pia kwa wanaotunisha misuli, na ya sokoni huko haina anayejua ilikaa jua gani.

Kalamu inavuja, na jana haikurudi sifuri

*Sasa wahariri. Mimi huchoma binti yangu kila usiku. Mara nyingi nikitoa sindano naona dawa inadondoka kwa ngozi. Na jana nilibonyeza mpaka mwisho lakini namba ikasimama 0.25 badala ya 0. Kalamu ni mbovu? — Mama, Nairobi*

Haielekei kuwa mbovu. Tuanze na hilo la namba, maana ndilo la usiku wa jana.

Namba inayobaki ni dozi ambayo haijaingia. Katriji imeisha. Kama ulipanga 0.7 na ikasimama 0.25, binti amepata 0.45, unafungua kalamu mpya, unapima mtiririko wake, unachoma 0.25 iliyobaki. Kalamu nyingine hazikuruhusu hata kupanga zaidi ya kilichomo, zinagoma kwenye namba iliyobaki. Hapo unaamua: ama unachoma mara mbili, ama unaanza mpya na kuacha mabaki. Muulize nesi wako anapendelea lipi, kwa sababu kumchoma mtoto mara mbili usiku mmoja kunaweza kumgombanisha na kifaa kwa mwezi mzima.

Kuna sababu nyingine inayofanana na hiyo: sindano iliyoziba. Ukibonyeza na kibonyezo kikagoma tangu mwanzo, badilisha sindano kabla ya kuilaumu kalamu. Sindano huziba kwa kutumiwa tena. Tone lililokauka ndani yake linatosha.

Kudondoka sasa. Tone moja dogo kwenye ngozi ni la kawaida. Likitiririka, mara nyingi umechomoa mapema. Namba ikishafika sifuri, kidole kibaki kimebonyeza, sindano ibaki ndani, na uhesabu polepole hadi 6, au hadi 10 kama karatasi ya kalamu yako inavyoagiza. Dawa hutoka kwenye sindano nyembamba taratibu kuliko kidole chako kinavyodhani. Ukiona hewa ndani ya katriji, mshukiwa wa kwanza ni sindano iliyoachwa imefungwa tangu jana. Kalamu ikipoa kwenye friji huvuta hewa kupitia sindano hiyo; ikipata joto husukuma dawa nje. Na hewa hujibana unapobonyeza, kisha hujiachia polepole, ndiyo maana dawa inaendelea kudondoka baada ya wewe kumaliza. Sindano mpya kila usiku, itolewe mara tu baada ya kuchoma.

Kalamu mpya pia hupimwa kabla ya dozi ya kwanza: panga kiasi kidogo kabisa, ncha juu, igonge kwa kidole mapovu yapande, bonyeza hadi tone lionekane kwenye ncha. Lisipotokea, rudia.

Halafu mwangalie ngozi yake. Ukichoma doa lilelile kila usiku, mafuta ya chini ya ngozi hubonyea kama shimo au huvimba, na dawa haifyonzwi sawasawa tena. Hamia paja la kulia, la kushoto, tumbo mbali na kitovu, tako la upande wa juu, na hata ndani ya paja moja sogea upana wa vidole viwili.

Isiyo na sindano

*Nimesikia kuna kifaa kisicho na sindano kabisa. Kwa nini hospitali hawatuambii? — Mzazi, Dar es Salaam*

Kipo. ZomaJet, kilichotengenezwa kwa ajili ya dawa iitwayo Zomacton, husukuma maji ya dawa kwa kasi kubwa hadi yanapenya ngozi. Hata hivyo “isiyo na sindano” si “isiyouma”. Kuna mshtuko kama wa kupigwa na ukanda mwembamba wa mpira, kuna mlio, na baadhi ya watoto hupata michubuko au tone la damu. Dawa yake ni ya kuyeyusha, kwa hiyo hatua ni nyingi. Kinamfaa mtoto anayezimia kwa kuona sindano; kwa mwingine yeyote, sindano ya milimita 4 ina faida zaidi. Tena kifaa cha aina hii hufungamana na dawa moja, na dawa hiyo isipopatikana Dar, kifaa ni pambo.

Friji, feni na safari ya Unguja

*Asalaam aleikum. Tunaishi Muscat na kila likizo tunarudi Unguja mwezi mzima. Nyumbani umeme hukatika. Bibi wa watoto anasema tuweke dawa kwenye mtungi wa maji kama zamani. — Ummu, Muscat*

Waaleikum salaam. Bibi hajakosea kabisa, ila mtungi unategemea hewa kavu. Unapoa kwa sababu maji yanatoka jasho kwenye udongo na kukauka. Sehemu kavu kama Dodoma unafanya kazi nzuri. Unguja hewa imeshiba maji, jasho la mtungi halikauki, na ndani kunabaki karibu na joto la chumba. Vifuko vya kuloweka maji ambavyo wagonjwa wa kisukari husafiri navyo vina udhaifu uleule, na hata pakavu havishuki hadi joto la friji.

Dawa nyingi za kila siku hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Baadhi zina ruhusa baada ya kufunguliwa: Norditropin, kwa maelekezo ya Ulaya, hukaa siku 28 kwenye friji au siku 21 chini ya nyuzi 25. Ruhusa hiyo inasomeka vizuri ukiwa London. Unguja mchana wa Januari chumba kisicho na kiyoyozi hakifiki chini ya 25, kwa hiyo siku hizo 21 msizihesabu.

Mnachohitaji ni sanduku la kubebea chanjo au termosi pana yenye mdomo mkubwa, barafu iliyofungwa kwa taulo, na kipimajoto kidogo ndani. Hatari kubwa kuliko joto ni kuganda. Dawa iliyoganda hutupwa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Kalamu isigusane na barafu, na kwenye friji isiwekwe karibu na ukuta wa nyuma wala chini ya kisanduku cha barafu. Mlango wa friji nao una joto la kupandashuka kila watoto wanapotafuta juisi. Rafu ya katikati ndiyo mahali pake. Umeme ukikatika, friji iliyofungwa hubaki na ubaridi saa kadhaa, basi msiifungue-fungue kuangalia kama dawa iko salama.

Kwenye ndege dawa iende nanyi kitini. Sehemu ya mizigo ya chini inaweza kugandisha. Beba barua ya daktari yenye jina la dawa kama lilivyo kwenye boksi, na kalamu ya akiba, kwa sababu iliyoanguka kwenye sakafu ya uwanja wa ndege hutaipata nyingine Unguja.

Ya mara moja kwa wiki

*Binti yetu ana miaka 8, kilo 25. Amechoka, na mimi nimechoka. Daktari anasema sasa kuna sindano za wiki, tatu tofauti. Miligramu zake zinatisha, moja ni mara nne ya nyingine. — Baba, Minneapolis, Marekani*

Miligramu hizo hazilinganishwi, baba. Kila moja ya dawa hizi tatu ni molekuli iliyoundwa kivyake ili ikae mwilini muda mrefu, na uzito wake ni tofauti. Kwa binti wa kilo 25, somapasitani (Sogroya) ya 0.16 kwa kilo ni miligramu 4 kwa wiki. Lonapegisomatropini (Skytrofa) ya 0.24 kwa kilo ni 6, na kwa kuwa katriji zake zimepangwa kwa madaraja ya uzito, binti huyu huangukia ya 6.3. Somatrogoni (Ngenla) ya 0.66 kwa kilo ni 16.5. Zote zilipimwa dhidi ya sindano za kila siku kabla ya kuidhinishwa Marekani kwa watoto: Skytrofa Agosti 2021, Sogroya Aprili 2023, Ngenla Juni 2023.

Kifaa ndicho kinachozitenganisha. Sogroya ni kalamu ya kawaida ya kupanga dozi, dawa tayari ni maji. Aliyezoea FlexPro hatajifunza jipya. Ngenla pia ni kalamu yenye dawa tayari, ila kuna ya miligramu 24 na ya 60. Ya 24 hupanga hadi 12 tu kwa sindano moja, hivyo kwa 16.5 ni lazima ya 60, ambayo hupanda kwa 0.5. Itampa dozi 3 kamili na kubakiza 10.5, isiyotosha dozi ya nne. Jambo kama hilo mfamasia ndiye wa kuulizwa kabla ya bima kuulizwa. Katika majaribio yake, watoto wa Ngenla waliripoti maumivu mahali pa sindano zaidi ya wale wa kila siku. Skytrofa ni kifaa cha kuchaji chenye katriji ya unga na maji. Chenyewe huchanganya, kisha unachoma ndani ya saa 4. Uzuri wake mkubwa ni kwamba katriji ambayo haijafunguliwa inaweza kukaa nje ya friji hadi miezi 6, joto lisizidi nyuzi 30. Familia inayokaa safarini ingeanzia hapo.

Sindano 52 kwa mwaka badala ya 365 ni nafuu kubwa, hatubishi. Lakini sindano moja ya wiki ikirukwa ni wiki nzima imepotea. Chagueni siku yenye kitu kisichosahaulika, mkaiandike ukutani. Mkichelewa, Skytrofa ina nafasi ya siku 2, Sogroya na Ngenla siku 3. Zikipita, hiyo imepita, msubiri siku ya kawaida. Hazirundikwi. Na mwambieni daktari damu ya kipimo cha IGF-1 (protini ya damu inayoonyesha homoni ya ukuaji inavyofanya kazi) inachukuliwa siku ya ngapi baada ya sindano, kwa kuwa kiwango hupanda na kushuka ndani ya wiki na namba bila siku haisomeki.

Dalili za kumpigia daktari ni zilezile kwa kila kifaa: kichwa kuuma sana pamoja na kutapika au macho kuona ukungu, na mtoto kuanza kuchechemea au kulalamika nyonga na goti. Hiyo ya nyonga isisubiri miadi.

Anataka kujichoma mwenyewe

*Binti yangu wa miaka 12 amesema hataki tena nimshike. Nimwachie? — Mama, Mombasa*

Mwachie sindano, usimwachie hesabu. Yeye apange dozi, wewe uisome namba kwa sauti kabla hajachoma. Yeye achome, wewe uone sifuri. Kalamu itolewe friji kama nusu saa kabla, kwani dawa baridi huwasha. Spiriti ikauke kwanza kwenye ngozi. Paja ndilo rahisi kwake kufikia akiwa ameketi. Akiwa mwembamba na sindano ni ya milimita 8, abane ngozi ili isifike kwenye msuli. Ya milimita 4 huingia wima bila kubana.

Sindano iliyotumika iingie moja kwa moja kwenye sanduku la usalama la kutupia sindano. Kama hamna, dumu gumu la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha, likijaa robo tatu lifungwe kwa utepe wa gundi na kurudishwa hospitalini au zahanati. Chupa ya maji ya kunywa haifai. Ni laini, na wanaookota chupa hizo hupitisha mikono mitupu.